Pono, Mkunga na Furu: Elimu ya Mataya na Deni la Kamusi za Kiswahili

Miongoni mwa tashbihi ambazo mwanafunzi nchini Kenya hukariri kabla ya kumaliza shule ya msingi ni ile ya mtu aliyelala kama pono. Huikariri, huitia katika insha, hupewa alama yake, na yamkini humaliza masomo hadi chuo kikuu bila ya kumtia pono machoni. Akiwa mdadisi ataifungua kamusi. Humo, aghalabu, atapata kwamba pono ni aina ya samaki wa baharini, labda na neno moja au mawili juu ya rangi yake na usingizi wake. Akigeuza kurasa amtafute changu, atapata aina ya samaki. Tasi je? Aina ya samaki. Kikande? Aina ya samaki. Mgeni wa lugha hii angedhani kwamba bahari ya Waswahili ina kiumbe kimoja tu chenye majina mia.

Si haki kuwalaumu watunzi wa kamusi peke yao. Kazi yao ni ngumu, nafasi katika ukurasa ni finyu, na fedha za utafiti ni haba. Hata hivyo, fasili ya namna hiyo ni dalili ya imani iliyojificha ndani ya taaluma ya Kiswahili: kwamba lugha hii ina haki ya jina na tashbihi, ilhali mifupa, misuli na asili ya kiumbe ni mambo ya kuelezwa kwa Kiingereza. Imani hiyo ni potofu. Kazi ya mwanabiolojia mmoja wa Marekani juu ya samaki wa miamba ya matumbawe yatosha kuonyesha upotofu wake, na pia kuonyesha hasara inayotokea pale watu wanapojua jina la samaki bila ya kujua anavyokula.

Mwanabiolojia huyo ni Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Kwa miongo kadhaa ameshughulikia swali linaloonekana dogo: samaki hulaje? Samaki hana mikono. Kila anachotaka ni lazima akipate kwa kichwa, na kichwa chake ni mashine yenye vipande vingi vinavyosogea kuliko kichwa cha mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo. Afunguapo kinywa kwa ghafla, uwazi wa ndani hupanuka, maji huvutwa kwa nguvu, na windo huingia pamoja na maji hayo. Tendo hilo huisha kabla jicho la binadamu halijaliona, ndiyo maana watafiti hutumia kamera zinazonasa mamia ya picha kwa sekunde moja. Elimu hii ya kuupima mwili wa kiumbe kwa kanuni za nguvu, mwendo na wenzo ndiyo iitwayo biomekanika.

Mojawapo ya kazi zake za awali, iliyochapishwa mwaka wa 1987, ilihusu samaki wa bahari ya Karibi aitwaye Lachnolaimus maximus, ambaye hula konokono na kombe. Swali lilikuwa: ni nini kinachomzuia samaki huyu kula kombe wakubwa zaidi? Si ukubwa wa kinywa wala uhaba wa kombe. Ni nguvu ya kuvunja. Nguvu hiyo yaweza kupimwa, na ikishapimwa, mtu aweza kubashiri ni gamba gani litakalovunjika na ni lipi litakaloachwa. Mwaka uliofuata alilinganisha spishi nyingine za ukoo huohuo wa Labridae na kuonyesha kwamba wenye misuli dhaifu ya kusagia huwaachia konokono wale wenye misuli imara. Kwa maneno mengine, mgawanyo wa riziki katika mwamba wa matumbawe huanzia kooni.

Kooni, si kinywani. Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo. Samaki wengi wana jozi mbili za mataya. Jozi ya kwanza ni ile inayoonekana mbele. Ya pili imefichwa nyuma ya matamvua, nayo imetokana na mifupa iliyokuwa ikishikilia matamvua hayo zamani za kale. Jozi ya mbele hukamata, ya nyuma hutafuna na kusukuma tumboni. Katika ukoo wa Labridae, wenye spishi zaidi ya 600 pamoja na jamii yote ya pono, taya la chini la koo limeungana likawa mfupa mmoja, na limebebwa na misuli inayotoka moja kwa moja kwenye fuvu. Taya la juu nalo limeegemea fuvu hilohilo. Matokeo yake ni kinu chenye nguvu ya ajabu. Mpishi yeyote wa pwani amtoaye pono matamvua aweza kukiona kinu hicho kwa macho yake: vibamba viwili vya meno yaliyopangika safusafu kama mawe ya sakafu. Aghalabu huishia jalalani pamoja na matumbo.

Pono ndiye aliyekitumia kinu hicho kuliko samaki wote. Meno yake ya mbele yameshikana yakawa kama mdomo wa kasuku. Kwayo hukwangua mwani na vijidudu vilivyo juu ya matumbawe yaliyokufa, na baadhi ya spishi hung'oa hata matumbawe hai. Meno hayo yamejengwa kwa madini ambayo watafiti wa Marekani walionyesha mwaka wa 2017 kwamba ni magumu kuliko shaba, fedha na dhahabu. Kilichokwanguliwa hupelekwa kooni, kikasagwa, na kile kisicholiwa hutoka nyuma kikiwa mchanga. Pono mkubwa zaidi duniani, Bolbometopon muricatum, alikadiriwa mwaka wa 2003 kuwa huondoa zaidi ya tani 5 za matumbawe kwa mwaka mmoja, samaki mmoja peke yake. Sehemu ya mchanga mweupe ambao watalii hulipa fedha nyingi kuulalia imepitia katika koo la pono. Na ule usingizi wake uliopewa tashbihi? Baadhi ya pono, jua likichwa, hujitengenezea kifuko cha ute na kulala ndani yake hadi alfajiri. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba kifuko hicho huwakinga na vijidudu vinyonyavyo damu; ni chandarua, wala si kingine. Waswahili walikuwa wamekwisha kumwona amelala. Kilichobaki ni kuuliza sababu.

Ajabu ya mkunga ni ya namna nyingine. Kichwa chake ni chembamba na huishi mapangoni, mahali ambapo kinywa hakina nafasi ya kupanuka na kufyonza maji kwa nguvu. Mwaka wa 2007, Rita Mehta akishirikiana na Wainwright alichapisha katika jarida la Nature picha na vipimo vilivyoeleza jinsi mkunga anavyomeza windo kubwa. Mataya yake ya koo, ambayo kwa samaki wengine hutulia kooni, huruka mbele hadi ndani ya kinywa, yakashika windo kwa meno yaliyopinda, yakarudi nalo nyuma. Wavuvi wa pwani wamemwogopa mkunga tangu jadi kwa ajili ya meno ya mbele. Hawakujua kwamba ana mengine yanayomfuata mtu ndani.

Mtu aweza kusema kwamba hizi ni hekaya za kustaajabisha tu. La. Katika kazi hizi mna nadharia, na nadharia yenyewe ni ya kumvutia mwanafunzi wa lugha. Katika vichwa vya samaki wa ukoo wa Labridae, mifupa minne iliyounganishwa pembeni hufanya kazi kama fito nne za fremu isiyokazwa misumari: ukisukuma ufito mmoja, mwingine husogea. Urefu wa kila ufito huamua iwapo mwendo utakaotoka utakuwa wa kasi au wa nguvu. Apataye kasi hupoteza nguvu, na apataye nguvu hupoteza kasi. Mwaka wa 2005, Wainwright na wenzake walieleza kwamba vipimo tofauti kabisa vya fito hizo vyaweza kuzaa matokeo yaleyale. Samaki wawili wasiofanana kichwa hata kidogo huweza kuwa na mataya yenye kasi moja. Maumbo mengi, kazi moja. Anayejua visawe, anayejua kwamba maana moja yaweza kujengwa kwa miundo kadhaa ya sentensi, hatapata taabu kulielewa jambo hilo. Pengine atalielewa mapema kuliko mwanafunzi wa sayansi aliyezoea kudhani kwamba kila umbo lina kazi yake moja.

Kinyume chake pia kipo. Samaki aitwaye Epibulus insidiator, apatikanaye kutoka Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Hawaii, huweza kuyatupa mataya yake mbele kwa umbali wa takriban asilimia 65 ya urefu wa kichwa chake. Westneat na Wainwright walichambua mwaka wa 1989 jinsi mifupa ambayo kwa samaki wenzake hutulia ilivyolegea na kuanza kuzunguka, likazuka tendo jipya kabisa. Hapo umbo jipya limezaa kazi mpya. Mageuko hayana njia moja.

Lakini habari iliyo karibu zaidi na msomaji wa Kenya haimo baharini. Imo katika Ziwa Victoria, na njia ya kuifikia ni lile koo la pono. Mwaka wa 1973, Karel Liem wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa hoja kwamba kinu cha kooni ndicho kilichowafanya samaki wa ukoo wa Cichlidae, yaani jamii ya ngege na furu, kuzaa spishi nyingi mno katika maziwa makuu ya Afrika. Maadamu kazi ya kutafuna imehamia kooni, alisema, mataya ya mbele yalipata uhuru wa kubadilika kwa kila namna ya ulaji. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba samaki wa Labridae na wale wa Cichlidae ni ndugu waliorithi kinu hicho kutoka kwa babu mmoja. Ushahidi wa vinasaba uliivunja imani hiyo, na mwaka wa 2012 Wainwright na wenzake walionyesha kwamba kinu hicho kilizuka zaidi ya mara moja, kila ukoo kwa njia yake. Bahari na ziwa vilifika mahali pamoja bila ya kuambizana.

Kisha likaulizwa swali ambalo halikuwa limeulizwa vya kutosha: je, kifaa hiki kizuri kina gharama gani? Gharama ipo, na ni rahisi kuieleza. Taya la koo likiungana na kuwa mfupa mmoja, haliwezi tena kutanuka. Nguvu imepatikana, upana umepotea. Samaki mwenye kinu hicho husaga konokono kwa urahisi, lakini akimkamata samaki mwenzake mzima, hawezi kummeza ila kwa shida na kwa kumsagasaga muda mrefu.

Katika miaka ya 1950 mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, aliingizwa katika Ziwa Victoria. Wakati huo ziwa lilikuwa na takriban spishi 500 za furu, zilizozuka kwa muda mfupi mno katika hesabu ya mageuko. Walikuwapo wala mwani, wavunja konokono, wala dagaa, wala mayai ya samaki wengine. Katika miaka ya 1980 mbuta alizidi kupita kiasi, na inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 za furu zikatoweka. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mbuta aliwala. Ni kweli aliwala, na ni kweli vilevile kwamba maji yalichafuka na kupungukiwa na hewa. Lakini mwaka wa 2015, katika jarida la Science, Matthew McGee na wenzake, Wainwright akiwa mmojawapo, waliongeza jambo ambalo wachache walikuwa wamelifikiria. Furu waliokula samaki ndio walioangamia zaidi, na sababu mojawapo ilikuwa koo lao. Mbuta hana kinu kilichoungana. Koo lake hutanuka. Windo ambalo mbuta hummeza kwa dakika chache, furu mla samaki humhangaikia kwa saa kadhaa. Wawili hao walipokutana katika ziwa moja na kushindania chakula kimoja, matokeo yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika mifupa.

Kifaa kilichowafanikisha furu na ndicho kilichowaponza. Haiwezi kudaiwa kwamba walioingiza mbuta wangalibadili nia kama wangalijua haya, kwani walitaka samaki mkubwa wa kuuza, na biashara ya minofu iliyofuata iliwapa watu wengi kazi Kisumu, Jinja na Mwanza. Ni ukweli usiopingika, hata hivyo, kwamba uamuzi mkubwa juu ya chakula cha mamilioni ya watu ulifanywa bila ya yeyote kulipima koo la furu. Ni ukweli pia kwamba hadi leo mvuvi wa Usenge au Mbita hana maandishi yoyote mepesi, katika lugha anayoisoma, ya kumweleza kilichotokea katika ziwa lake. Utafiti upo kwa Kiingereza. Jina mbuta analo yeye.

Basi Kiswahili kina deni gani hapa? Wapo watakaosema kwamba istilahi hazipo. Dai hilo limechakaa. Tangu mwaka wa 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, hakuna awezaye kusema kwamba njia haijafyekwa. Isitoshe, mambo yaliyoelezwa hapa yametumia taya, koo, fuvu, misuli, matamvua, wenzo, ufito na kinu, maneno ambayo hayakuhitaji kamati. Kinachokosekana ni mazoea. Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuchambua riwaya na ngeli, na hufanya vyema. Hafundishwi kuandika kurasa tatu za kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Akiombwa aeleze jinsi mlango wa maji wa bwawa unavyofunguka, atatoa methali.

Wapo pia watakaoteta kwamba kamusi si kitabu cha biolojia. Hiyo ni hoja yenye uzito zaidi, na inastahili jibu. Ni kweli kamusi haiwezi kubeba habari za mbuta na mwaka wa 2015. Lakini kazi ya fasili ni kutenganisha kitu na vitu vingine, na "aina ya samaki" haimtenganishi pono na papa. Linganisha na maelezo kama haya: pono, samaki wa miamba ya matumbawe mwenye meno yaliyoshikana kama mdomo wa kasuku, akwanguaye mwani na matumbawe na kuyasaga kwa mataya ya kooni hadi yakawa mchanga, baadhi hulala ndani ya kifuko cha ute. Ni maneno chini ya arobaini. Yameeleza umbo, kazi, makao na tashbihi kwa pamoja, na mtoto wa Kakamega asiyewahi kuiona bahari atajua sasa kwa nini mtu mzito wa usingizi hulinganishwa na samaki huyo badala ya mwingine.

Maelezo ya namna hiyo hayawezi kuandikwa na mwanaisimu peke yake chumbani. Yataka akae na mvuvi na akae na mwanabiolojia. Kenya ina taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao makuu Mombasa na kituo Kisumu. Ina Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, mwendo mfupi kutoka kwenye matumbawe. Tasnifu ya uzamili katika Kiswahili iliyokusanya majina mia ya samaki pamoja na kinywa, meno na chakula cha kila mmoja ingekuwa na manufaa zaidi kuliko tasnifu nyingine ya kumi juu ya wahusika wa riwaya moja. Majina nayo hutofautiana kutoka mji hadi mji, jambo ambalo wanafunzi wa lahaja wangelifurahia.

Kazi hiyo ina haraka yake upande wa ziwa. Watafiti wa Uholanzi, walioanza kukusanya furu katika ghuba ya Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, walihifadhi vielelezo vyao huko Leiden, vingine vikiwa bado havijapewa jina la kisayansi. Kiswahili kina neno moja kwa wote: furu. Wavuvi waliowatoa samaki hao nyavuni kabla ya mbuta kuzidi ni wazee sasa, na kama walikuwa na jina la pekee kwa wale wa mataya mapana wavunjao konokono, na jingine kwa wale wa vinywa virefu waliokula wenzao, kamusi zinazotumika vyuoni hazisemi.